Kisima Kilichopanda Gari Moshi

Sogeeni karibu. Mwenye kiu anywe sasa hivi, maana hadithi hii ukiisikiliza koo likiwa kavu utateseka. Nina mwanzo wake, nina katikati yake. Mwisho sina. Mwisho nitauomba kwenu.

Ilikuwa baada ya Siku ya Kulegea. Siku hiyo dunia iliachia mikono, na kila kitu ambacho hakikupigiliwa msumari kiliondoka. Vilima viliinuka vikatembea kama ng'ombe waendao kunywa. Maziwa yalipaa yakaning'inia angani, na ukitazama juu uliwaona samaki kwa chini, matumbo meupe. Barabara zilijikunja kama mikeka. Nyumba zilijing'oa zikaenda zake, zikaacha milango imesimama peke yake porini, haielekei ndani wala nje.

Reli haikutikisika. Reli ilikuwa imepigiliwa kwenye mataruma, magogo yaliyolazwa chini yake, taruma baada ya taruma, msumari baada ya msumari, kutoka linakochomoza jua hadi linakozama. Basi watu waliosalia wakaifuata reli, wakajenga miji kando yake, wakapigilia kila walichokuwa nacho: vitanda, masufuria, hata makaburi ya wazee wao. Na kila mtu alivaa katambuga za tairi zenye msumari mmoja kwenye kisigino cha kulia, msumari wa kumshikilia ardhini. Mtoto akizaliwa, alifungwa kwa khanga kitandani mpaka apate katambuga zake.

Mji mmoja kati ya hiyo uliitwa Misumarini. Humo waliishi marafiki watatu, na marafiki hao ndio mtakaowaamulia.

Wa kwanza alikuwa Kondo, Mzaramo, dereva wa gari moshi. Kipaji chake kilikuwa masikioni. Akilaza sikio juu ya reli, alisikia yaliyo mbele mwendo wa siku mbili. Aliwahi kusimamisha gari moshi kwa ajili ya kobe aliyekuwa anavuka reli stesheni ya tatu kutoka hapo.

Wa pili alikuwa Nyamizi, Mnyamwezi, mchochea moto wa gari moshi hilo. Kipaji chake kilikuwa ulimini. Aliikumbuka dunia ilivyokuwa kabla ya Siku ya Kulegea, na kitu chochote akikieleza sawasawa, kilirudi. Kilikaa kwa muda ule anaosema tu, akinyamaza, kinatoweka. Na alichokieleza hakukikumbuka tena maishani. Ndiyo maana Nyamizi alikuwa na maneno machache. Watu walidhani anaringa, kumbe anatunza.

Wa tatu alikuwa Chilewa, Mgogo, fundi wa reli. Kipaji chake kilikuwa mkononi. Msumari alioupiga yeye haukung'oka tena, kwa koleo wala kwa mtaimbo. Aliwahi kupigilia kivuli cha mgonjwa ukutani, na mgonjwa yule yuko hai mpaka leo.

Walikuwa watani, na watani wa kweli hawapumziki.

"Mzaramo," Nyamizi alikuwa akisema, "hayo masikio yako makubwa hivyo kwa kusikiliza ngoma za watu."

"Bora mimi nasikiliza ngoma," Kondo alikuwa akijibu. "Wewe Mnyamwezi ukiiona ngoma unauliza inabebwa kwenda wapi."

Sasa, Misumarini palikuwa na kisima kimoja. Alikichimba mzee aitwaye Masaka, na katika kuchimba udongo ulimwangukia usoni akawa kipofu. Mji ulipokiita kisima kwa jina lake, Masaka alinawa uso kwa maji ya kwanza, akaona. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni ya visima baada ya Siku ya Kulegea. Kisima kilibeba jina la mtu mmoja aliyekileta, na mtu huyo kilimrudishia alichokipoteza kwa ajili yake. Maji ya kisima kisicho na jina yaliingia mdomoni yakashuka tumboni, na kiu ikabaki pale pale.

Masaka akafariki. Misumarini hawakuita jina la marehemu, wakiogopa kumlegeza kaburini. Basi kisima kikahitaji jina jipya, na hapo mji ukakosea. Watu wa karakana wakakiita jina la fundi wao mkuu. Watu wa sokoni wakakiita jina la mwenyekiti wao. Watu wa ng'ambo ya reli wakakiita jina la nabii wao. Ili kuepusha ugomvi, wakakubaliana majina yote matatu yatumike, kila upande uchote kwa jina lake. Walijiona wana busara sana.

Mwezi haukupita, maji yakaacha kukata kiu. Kisha, asubuhi moja, akina mama walikuta kisima hakipo. Hapakuwa na shimo. Palikuwa na ardhi tambarare, kavu, laini kama sahani, na alama ya unyevu iliyopanda kwenye reli ikaelekea magharibi.

"Hamkukipigilia?" watu walimzomea Chilewa.

"Nani," alijibu Chilewa, "hapa duniani, anapigilia shimo?"

Mkuu wa stesheni alikuwa Bi Mwamvua. Alitumbukiza fimbo kwenye tangi la stesheni, lililokuwa na maji ya zamani, ya enzi za Masaka, akaitoa akahesabu vidole vya unyevu. Binti yake, Tunu, alikuwa amejifungua siku mbili zilizopita.

"Siku saba," aliwaambia marafiki watatu. "Siku ya nane Tunu hatakuwa na maziwa, na mtoto hatakuwa na mama. Nendeni mkakilete."

"Shikamoo, bibi," wakasema kwa pamoja.

"Marahaba. Nendeni."

Wakafunga behewa moja la wazi nyuma ya gari moshi, wakaondoka. Hapakuwa na makaa, kwa hiyo walichoma milango. Kila walipoona mlango umesimama porini, Kondo alishika breki, Chilewa alishuka na shoka, na Nyamizi alishuka kubisha hodi.

"Unabisha hodi porini?" Chilewa aliuliza.

"Mlango ni mlango."

"Na wakijibu?"

"Wakijibu, tutachoma mwingine."

Mlango mmoja ulijibu. Sauti ya mwanamke ilisema, "Karibuni, ila sijapika." Wakaomba radhi, wakaenda kutafuta mwingine.

Chilewa, kwa jinsi alivyowapenda wenzake, aliwachemshia chai. Na kwa jinsi alivyozoea, kama ambavyo sote tungezoea tukiishi dunia ile, kabla ya kumimina alitoa msumari mfukoni na kulipigilia birika kwenye sakafu ya gari moshi. Alifanya hivyo bila kufikiri, kama mtu anavyofunga kifungo. Mfukoni alikuwa na misumari minne. Ikabaki mitatu.

Siku ya pili walifika kwenye korongo. Mto ulikuwa umepaa zamani, na daraja, lililokuwa la mawe matupu bila msumari hata mmoja, lilikuwa limeufuata mto wake. Reli mbili zilibaki zinaning'inia hewani kama kamba za kuanikia nguo.

"Nalikumbuka," alisema Nyamizi. "Endesha polepole. Msinichekeshe."

Akaanza. Alitaja nguzo ya kwanza na nyasi zilizoota ubavuni mwake, na nguzo ikasimama. Alitaja ya pili, na popo waliolala chini yake, na popo wakalala. Kondo aliendesha kwa mwendo wa bibi harusi. Chilewa alizuia kikohozi mpaka machozi yakamtoka. Jiwe kwa jiwe, Nyamizi alilijenga daraja lile kwa ulimi, mpaka gurudumu la mwisho likagusa ardhi. Akanyamaza. Nyuma yao mawe yakayeyuka bila kishindo.

"Mbona tumesimama?" aliuliza.

"Tumevuka daraja," alisema Kondo.

"Daraja gani?"

Kondo na Chilewa wakatazamana. Wote wawili waliwaza jambo moja. Jambo lenyewe ni kwamba watahitaji kurudi.

Siku ya tatu waliingia katika Bonde la Vilivyoondoka. Vilima vilikuwa vimelala vikicheua. Masoko yasiyo na watu yalikuwa yanapiga kelele za bei. Jua la bonde hilo halikuzama. Lilikuwa limeshuka hadi usawa wa nyaya za simu na kukaa hapo, na chuma chote kilikuwa cha moto kama kikaango. Na hapo reli ikagawanyika njia tisa.

"Tujaribu moja moja," alisema Chilewa.

"Kisima kikisikia gari moshi kitajificha," alisema Kondo. "Lazima nijue kiko njia ipi, na lazima nijue kiko mbali kiasi gani, tuzime mapema."

"Subiri chuma kipoe."

"Chilewa, mtani wangu, jua hili limekwambia linakwenda wapi?"

Kondo akapiga magoti, akalaza sikio la kulia juu ya reli. Waliisikia nyama ikiungua. Hakuinuka. Alizichuja kelele za masoko, akazichuja pumzi za vilima, mpaka akasikia tone moja likidondoka ndani ya giza la duara. "Njia ya sita," alisema. Kisha akageuza kichwa, akalaza sikio la kushoto. Hili lilichukua muda mrefu zaidi, kwa sababu alikuwa anahesabu. Alipoinuka, masikio yote mawili yalikuwa meusi.

"Zimeni kwenye mlingoti wa simu wa kumi na mbili."

"Kondo!" Nyamizi aliita.

Kondo alikuwa anatazama moshi.

"Kondo! Mzaramo! Ngoma inapigwa!"

Hakugeuka. Hapo Nyamizi akaelewa, akamshika mkono, akampandisha kwenye kiti chake cha udereva. Na Kondo aliendesha vilevile, kwa kuihesabu milingoti kwa macho, akazima pale pale aliposema.

Kisima kilikuwa kwenye nyasi: duara jeusi lililokuwa likihama polepole, kama kivuli cha wingu, likitafuta watu wa kulichota. Kilipowaona kilirudi nyuma. Chilewa akawaambia wenzake wakae. Akateremsha ubao wa behewa, akaketi kando yake, akakipigia mluzi, ule mluzi wa Kigogo anaopigiwa ndama aliyepotezana na mama yake. Alipiga mluzi tangu chai ya kwanza mpaka chai ya nne. Mwishowe kisima kilisogea, kikanusa ubao, kikapanda behewa chenyewe.

Chilewa akakipigilia. Upande wa kwanza, msumari. Wa pili, msumari. Wa tatu, msumari. Akatia mkono mfukoni kutafuta msumari wa nne, akautoa mtupu. Akatazama kule lilikokuwa birika.

"Toa ule," alisema Nyamizi.

"Nimeupiga mimi. Hautoki."

Upande wa nne wa kisima ulikuwa umeanza kujikunja kama ukingo wa karatasi. Ukiacha ya reli, ambayo ukiing'oa njia ya kurudi inaondoka, bonde zima halikuwa na msumari. Kama lingekuwa nao, vitu vyake visingekuwa pale. Misumari ya katambuga za wenzake alikuwa ameipiga yeye mwenyewe, haitoki. Ulikuwepo mmoja tu ambao mkono wa Chilewa haukuupiga: uliopigwa na baba yake, kwenye kisigino cha katambuga yake ya kulia.

"Chilewa, usi..."

Alishauchomoa. Akaupiga mara tatu, upande wa nne ukatulia, na Chilewa akaanza kupaa. Nyamizi alimdaka kifundo cha mguu. Wakamfunga kamba kiunoni, wakaifunga kamba kwenye behewa, na gari moshi likaanza safari ya kurudi Chilewa akielea juu yake kama tiara ya karatasi.

"Mgogo!" Kondo alipaza sauti, kwa sababu hakujua tena sauti yake ni kubwa kiasi gani. "Nilikuonya juu ya mlenda! Umekutelezesha mpaka mbinguni!"

Chilewa akajibu tusi zuri sana. Kondo hakulisikia, lakini aliona midomo, akacheka.

Siku ya sita jioni, jua la kawaida likiwa halijazama, walifika kwenye korongo. Reli mbili, hewani.

"Hapa palikuwa na kitu," alisema Nyamizi. "Naona kwenye nyuso zenu. Lakini mimi sina."

"Eleza daraja jingine," alisema Chilewa kutoka juu.

"Sijui daraja jingine. Nimeishi nyumba moja na stesheni moja."

Kisha akamwashiria Kondo aende.

"Mlango wa mninga," alianza Nyamizi. "Una ufa hapa chini, paka alipitia hapo." Na mlango ukajitandika chini ya magurudumu. "Ukiingia, mkono wa kushoto, mtungi. Kata yake ya kifuu imetoboka, ukinywa unalowa kifua." Mtungi ukasimama ukabeba uzito. Akaueleza ukumbi, akaueleza ua, akayaeleza mafiga matatu na lile moja lililoyumba, kinu, kamba ya nguo, tundu la kuku. Nyumba nzima ya utoto wake ilijipanga korongoni, chumba baada ya chumba, na gari moshi likapita juu yake likitikisika.

Nyumba ikaisha. Gari moshi lilikuwa limevuka. Behewa la kisima lilikuwa bado hewani.

Kuna kitu kimoja ambacho Nyamizi alikuwa amekiruka kwa makusudi. Chilewa, kutoka juu, alimwona akifumba macho.

"Mama yangu ana mwanya," alisema Nyamizi. "Akicheka anaziba mdomo kwa ukingo wa khanga. Ana kovu la mafuta kwenye kiganja, na akinipapasa kichwani nalisikia lile kovu. Ananiita..." Akasema jina aliloitwa na mama yake, na kiganja kile kikalibeba behewa mpaka likagusa ardhi.

"Nyamizi," aliita Chilewa. "Uko salama?"

"Niko salama. Nilikuwa namweleza nani?"

Chilewa akamwambia: ana mwanya, akicheka anaziba mdomo. Nyamizi alisikiliza kwa adabu, kama mtu anayesimuliwa habari za mke wa jirani. Na Chilewa, mtani asiyekosa la kusema, alitafuta mzaha mbingu nzima akaukosa.

Waliingia Misumarini siku ya saba, mchana, tangi la stesheni likiwa na kikombe kimoja cha maji. Mji mzima ulikuwa relini. Tunu alibebwa na kitanda chake, mtoto kifuani. Akina mama wakapiga vigelegele, wanaume wakavua kofia. Niwaambie ukweli, mimi ninapofika hapa kila mara nataka kusimama, kwa heshima ya wale watatu: mmoja anaelea, mmoja hasikii, mmoja anatabasamu kwa watu bila kukumbuka alilelewa na nani.

Bi Mwamvua alipanda ngazi ya behewa, akateka ndoo ya kwanza, akaishika.

"Jina," alisema.

Watu wa karakana wakapaza sauti: "Chilewa! Bila mkono wake kisingebebwa!" Watu wa sokoni: "Kondo! Bila masikio yake kisingeonekana!" Watu wa ng'ambo: "Nyamizi! Bila ulimi wake kisingefika!" Mtu mmoja akasema, basi kiitwe majina yote matatu, tuepushe ugomvi.

Magurudumu ya behewa, bila gari moshi, bila mteremko, yakazunguka mara moja. Msumari wa Chilewa hauachii. Kisima kikiondoka safari hii, kitaondoka na behewa lake.

"Nyamazeni!" alisema Bi Mwamvua. "Hivyo ndivyo tulivyokipoteza. Jina moja. Na mwenye jina ndiye atakayerudishiwa chake. Semeni nyinyi wenyewe."

"Mimi sitajifanya mtu mwema," alisema Chilewa kutoka juu. "Niteremsheni. Kamba inakata kiuno, na ndege wameanza kunizoea. Upepo wa kiangazi ukija na kamba ikakatika, hamtaniona tena." Watu wakacheka, kisha wakaacha. "Lakini Kondo asiposikia, nani atajua kilicho mbele ya gari moshi? Siku moja litabeba watoto wenu."

"Wapeni hao," alisema Nyamizi. "Mimi siumii. Siwezi kuumia kwa nisichokikumbuka."

"Huumii kwa sababu umesahau," alisema Chilewa. "Mimi niliisikia ile nyumba. Ungeikumbuka, ungelia mpaka kesho."

Kondo alikuwa amesimama kando ya gari moshi akitazama midomo ikienda huku na huku. Hakujua kinachobishaniwa. Akauliza, kwa sauti ile kubwa ya asiyejisikia:

"Mbona hawanywi?"

Magurudumu yakazunguka mara ya pili.

Hapo ndipo hadithi yangu inaposhika breki. Sikuficha kitu mfukoni. Kondo alitoa masikio, na mji unayahitaji. Chilewa alitoa uzito wake; ni yeye aliyekosea kwa birika, na ni yeye aliyelipa kosa lake; na kamba ni kamba tu. Nyamizi alitoa mama, na haombi, maana hajui cha kuomba. Bila mmoja wao, wawili waliobaki wangerudi mikono mitupu. Majina mawili hayawezekani. Kutotaja jina hakuwezekani.

Haya, wewe uliyekaa hapo karibu na mlango, na wewe unayejifanya umesinzia. Bi Mwamvua amekugeukia, anakunyooshea ndoo. Tunu ameinua kikombe. Je, ungemwita nani?

Sema jina moja. Magurudumu yanaanza tena.